Roketi ya Msufi

Wahenga walituachia neno hili: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo ni kile chombo ambacho mhunzi hushikia chuma kikiwa chekundu motoni. Likivunjika, mhunzi mvivu hufunga kibanda chake akaenda barazani kuwasimulia watu jinsi alivyokuwa hodari. Mhunzi wa kweli hukuna kichwa, akatafuta njia nyingine ya kukishika chuma, maana ufundi haukai kwenye koleo. Unakaa mkononi na kichwani mwa mwenyewe. Asiyeamini na asikilize habari za Mgeni binti Mwinyimvua wa Bagamoyo, ambaye koleo lake lilivunjika mara mbili, na mara zote mbili alilivunja yeye mwenyewe.

Mgeni alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa iliyo nje kidogo ya mji. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye vidole virefu na maneno mafupi. Baba yake, Fundi Mwinyimvua, alikuwa mchonga milango. Si milango ya kubandikabandika, la hasha! Milango ya mninga na mvule, yenye nakshi za maua na minyororo, ambayo watu walitoka Dar es Salaam kuja kuiagiza, wakasubiri zamu yao kwa adabu. Mgeni alishika patasi kabla hajashika kalamu. Hata hivyo, katika karakana ya baba yake kila meza ilikuwa na mwenyewe: hii ya baba, ile ya kaka mkubwa, na ile ya pembeni ya kaka mdogo. Mgeni alichongea mapajani, akiwa amekaa kizingitini. Hakuna aliyemnyima kwa ubaya, ila hakuna pia aliyewahi kufikiri kwamba naye anahitaji meza.

Ndiyo maana lile ghala la shule lilimkaa rohoni. Lilikuwa jengo kuukuu nyuma ya madarasa, lenye popo darini na dirisha pana lililotazama mashamba ya chumvi. Mwalimu Zeyana, aliyewafundisha fizikia, alitaka liwe karakana ya wasichana wa Klabu ya Sayansi, mahali pa kupimia na kukatia, na pa kuiachia kazi bila kuikuta kesho yake imekaliwa na mtu. Wasichana walilifagia, wakawafukuza popo, wakalipaka chokaa mpaka kanga zao zikawa nyeupe. Mgeni akaenda moja kwa moja chini ya dirisha, akapima kwa mikono, akasema, "Hapa patakaa meza yangu."

Lakini mwalimu mkuu, Bwana Abdulazizi, alikuwa na mipango mingine. Mahindi ya chakula cha wanafunzi yalikuwa yakihifadhiwa ofisini mwake, na panya walikuwa wameshamzoea hata hawamkimbii. Alitaka yahamie ghalani.

"Mwalimu Zeyana," alisema, "hawa watoto wanakula mahindi. Hawali fizikia."

"Ni kweli, mwalimu mkuu. Na wakishashiba, wafanye nini?"

Bwana Abdulazizi alicheka, kwani alikuwa mtu wa kupenda jibu zuri hata likimchoma. "Haya, nionyesheni basi hiyo karakana itatuletea nini."

Mwalimu Zeyana akawaita wasichana wa klabu waingie, akamwekea boksi mezani. Alikuwa ameletewa na dada yake, Kholood, aishiye Muscat. Ndani yake mlikuwa na roketi ya mfano, na usidhani ni kitu cha kuchezea watoto. Ilikuwa imepunguzwa kwa vipimo kutoka roketi halisi ipelekayo setilaiti angani, mstari kwa mstari, mpaka ikawa na urefu wa mkono wa mtu mzima. Ila ilikuja vipande vipande: bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, mapezi manne ya mbao nyembamba mfano wa mapezi ya samaki, mwavuli wa kuishusha, na injini mbili ndogo za baruti iliyoshindiliwa, ambazo mwalimu alizihangaikia kibali mpaka viatu vikaisha soli. Anayeinunua huiunganisha mwenyewe, akairusha mwenyewe.

"Sikilizeni," alisema Bwana Abdulazizi huku akiigeuzageuza ile pua. "Kidude hiki kikipanda na kurudi salama, ghala ni lenu. Kisipopanda, naweka mahindi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" wasichana walijibu kwa pamoja, kisha wote wakamgeukia Mgeni. Nani mwingine? Mwana wa fundi alikuwa mmoja tu.

Mgeni aliibeba kazi ile kwa kifua mbele. Jumamosi aliyachukua yale mapezi akaenda nayo karakana ya baba yake ili ayalainishe kingo kwa msasa. Mbao zake zilikuwa nyepesi kama hazipo. Aliyapanga manne pamoja, akayatia kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, akakaza. Sasa, mtoto aliyelelewa na mninga hukaza jiliwa mpaka chuma kilalamike. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo kila mtu nyumbani kwao alivyofanya tangu enzi za babu. Akasikia mlio, kach! Alipofungua, mapezi hayakuwapo tena. Kulikuwa na chenga.

"Mgeni!" alimaka Lulu, shoga yake waliyekuja pamoja. "Umeyatwanga? Basi tuyapikie uji, mwenzangu!"

Mgeni hakucheka. Alizikusanya zile chenga kiganjani. Kisha akatazama pembe ya karakana, kulikorundikwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye mlango wa mteja, akafuta jasho. "Yao yamevunjika," alisema, "tutachonga ya kwetu."

Na alichonga! Kwa siku chache alitoa mapezi manne ambayo hata roketi yenyewe ingeona haya kuyavaa. Kila pezi lilikuwa na ua la nakshi katikati na mnyororo ukilizunguka ukingoni. Baba yake aliyashika moja moja, akayaelekeza kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa raha.

"Haya ndiyo mambo! Hii ni kazi ya mtu mwenye kwao," alisema Fundi Mwinyimvua.

Mgeni hakuwahi kusifiwa namna ile. Alitembea kwenda shule kama anayeongoza maandamano. Mwalimu Zeyana naye alipoyaona alishika kinywa.

"Masalale, Mgeni! Lakini mbona mazito?"

"Ni imara, mwalimu."

"Maelekezo yanasema tuifunge uzi pale inapolala sawa bila kuelemea upande, tuizungushe hewani. Ikitangulia pua, tuirushe. Ikitangulia mkia, tusithubutu."

"Mwalimu, kazi ya ukoo wetu haijawahi kupimwa kwa uzi," alijibu Mgeni.

Mwalimu alimtazama, akaitazama nakshi, na uzi akaurudisha ndani ya boksi. Sifa ni asali, jamani, lakini ikipakwa machoni mtu haoni njia.

Siku ya kurusha, shule nzima ilimiminika kwenye uwanja mweupe wa chumvi ulio nyuma ya shule. Bwana Abdulazizi alivaa kofia yake ya kazi ya mkono, ile anayoivaa sikukuu. Roketi ilichomekwa kwenye fimbo yake ya chuma, waya ukavutwa mbali, watu wakasogezwa nyuma. Wakahesabu kurudi nyuma kwa sauti moja, Mgeni akabonyeza kitufe.

Ikafyatuka kwa kishindo na moshi. Ilipanda mpaka usawa wa kilele cha mnazi, ikasita kama mbuzi aliyekumbuka zizi, kisha ikageuka. Ikaja! Ilikuja kwa ubavu, inafoka moto, watu wakalala chini, kofia ya Bwana Abdulazizi ikaenda zake na upepo. Ikajichomeka kwenye tope la chumvi kwa pua na kunyamaza.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Imerudi salama jamani!" mmoja alipiga kelele, na kicheko kikaanza upya. Mgeni aliichomoa roketi yake. Pua ilikuwa imepasuka vipande, bomba limekunjika shingoni. Alitamani ardhi impasukie.

Bwana Abdulazizi aliipata kofia yake, akaikung'uta. Hakucheka, wala hakukasirika. "Lori la mahindi linatoka Vigwaza siku ya Alhamisi," alimwambia Mwalimu Zeyana. "Pole, mwalimu."

Nyumbani Mgeni alilia, tena si kidogo. Alililia ghala, akalilia ile pembe chini ya dirisha, na zaidi ya yote alilia aibu. Mama yake alimwachia alie. Baba yake alikuja akasimama mlangoni.

"Achana na makaratasi, mwanangu. Wewe ni wa mbao."

Machozi yalipokauka, Mgeni alichukua uzi. Hakujua kwa nini. Labda ni mikono tu iliyokataa kukaa bure. Aliiunganisha roketi yake kwa gundi kiasi cha kusimama, akairudishia ile pua iliyovunjika, akaitafutia mahali inapolala sawa. Palikuwa nyuma kabisa, karibu na mapezi. Akatoka uani akaizungusha. Roketi ikazunguka huku imetanguliza mkia, kama punda anayekataa kwenda sokoni.

"Kumbe!" alisema peke yake. Mkia ulikuwa umeielemea. Mapezi yake mazuri, yaliyosifiwa na baba, ndiyo yaliyoiua roketi.

Kesho yake asubuhi alimkuta Mwalimu Zeyana akiondoa vitu vya klabu ghalani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mgeni. Umekuja kunisaidia kubeba?"

"La, mwalimu. Nimekuja kukuambia kosa ni langu. Mapezi ni mazito, nami nilikataa kuyapima kwa sababu ya kiburi."

Mwalimu aliweka chini boksi alilolibeba. "Na mimi niliona nakshi nikaisahau fizikia. Basi tumekosa wawili. Sasa unasemaje?"

"Injini bado tunayo moja. Nipe mpaka Alhamisi."

Walikwenda pamoja kwa Bwana Abdulazizi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, huku panya akipita nyuma ya kiti chake bila haraka. "Mpaka lori lifike," alisema. "Likishafika, msiniletee maneno."

Basi Mgeni akakaa kufikiri juu ya mbao. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa kuuliza ni mti gani ulio mzito zaidi, mgumu zaidi, wa kudumu zaidi. Sasa ilimbidi aulize kinyume chake: ni mti gani ambao baba hangeugusa hata kwa kulazimishwa? Jibu lilimjia mara moja, akashtuka mwenyewe. Msufi! Ule utoao sufi za kujazia mito. Mbao yake ni laini na nyepesi, na katika karakana yao ilikuwa tusi. Fundi akiharibu kazi, wenzake humwambia, "Nenda kachonge msufi wewe!"

Jirani yao alikuwa na tawi la msufi lililoanguka tangu masika, limekauka vizuri. Mgeni aliliomba, akapewa, akaja nalo begani mpaka kwenye mlango wa karakana. Fundi Mwinyimvua akasimama.

"Hiyo nini?"

"Msufi, baba."

"Hauvuki kizingiti hiki."

"Ni mwepesi, baba. Roketi inataka wepesi."

"Hata upuuzi ni mwepesi!" alifoka baba. "Wateja wakiona msufi kwangu watasemaje? Mwinyimvua kafilisika akili?"

Kaka zake walicheka mpaka wakaweka nyundo chini. Mgeni alihisi uso ukimwaka moto. Angeweza kulitupa lile tawi hapo hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliinama kwa heshima, akasema, "Haya, baba. Nitachongea nje."

Akachongea nje, kando ya njia, watu wote wakimwona. Wapita njia walisimama. "Fundi Mwinyimvua, binti kafanya kosa gani mpaka ukampa msufi?" Baba alijifanya hasikii, akapiga nyundo kwa nguvu zaidi. Kipande cha kwanza kilifumuka. Cha pili kikamegeka. Mgeni alitaka kulia tena, kisha akaitazama patasi yake. Alikuwa akiisukuma kama anayefungua mlango uliokwama. Mbao laini haitaki nguvu, inataka makali. Akalichukua jiwe la kunolea, akanoa mpaka patasi ikanyoa vinyweleo vya mkono wake. Kuanzia hapo msufi ukamsikiliza. Jiliwa hakuligusa kabisa. Mapezi aliyashika kwa vidole, akayapiga msasa taratibu mpaka yakawa membamba kama kadi. Nakshi hakuitia hata moja.

Bomba alilikata shingo iliyokunjika, akatia ndani yake karatasi ya manila iliyoviringishwa, akaunganisha kwa gundi. Pua aliichonga upya kwa msufi akifuata vipimo vya ile ya zamani, kwa kuwa roketi ya mfano isipofanana na mama yake si mfano tena. Siku ya Jumatano klabu nzima ilikusanyika ghalani, akaifunga uzi, akaizungusha. Ikaenda upande, inayumba. Wasichana wakaguna.

"Subirini," alisema Mgeni. Akaitoboa pua kwa ndani, akashindilia kijiti cha mninga, kifupi kama kidole cha mtoto. Uzito aliouweka mkiani kwa ujinga, sasa aliupeleka kichwani kwa akili. Akazungusha tena. Roketi ikatangulia pua, imenyooka, inakata hewa na kuvuma. Lulu akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata mpaka madarasani watu wakachungulia.

Alhamisi waliitega tena kwenye uwanja wa chumvi. Safari hii watu walikuja kwa ajili ya kucheka, hata wasiokuwa wa shule. Bwana Abdulazizi alisimama mbali kabisa, kofia ameishika mkononi. Fundi Mwinyimvua naye alitokea, amekunja mikono, akamwambia kila aliyemtazama kwamba yeye alikuwa anapita tu. Wakati waya unavutwa, sauti ya injini ikasikika barabarani. Lori la mahindi lilikuwa linaingia shuleni. Mwalimu Zeyana alimtazama Mgeni.

"Bismillahi," alisema Mgeni, akabonyeza.

Ikapanda! Haikusita, haikuuliza njia. Ilipita minazi, ikapita kunguru waliokuwa wakizunguka huko juu, ikapanda na moshi wake mweupe ukibaki umenyooka nyuma yake. Wale waliokuja kucheka walibaki midomo wazi, shingo zimewapinda. Ikawa ndogo kama sindano. Kisha pakasikika mlio mdogo wa mbali, na mwavuli mwekundu ukafunguka angani.

Hapo uwanja ulilipuka! Vigelegele, miluzi, wanafunzi wakikumbatiana. Mgeni hakupiga kelele. Alisimama pale pale, machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka kwa pamoja, na katika maisha yake yote hakuwahi kujiona mrefu kama siku ile.

Upepo wa bahari uliisukuma roketi kuelekea kwenye dimbwi la maji ya chumvi. Kabla mtu hajajua la kufanya, Bwana Abdulazizi alikuwa ameshakunja suruali, anakimbia. Mwalimu mkuu mzima! Aliingia topeni mpaka magotini akaidaka kabla haijalowa. Akaikagua pua, akalikagua pezi moja baada ya jingine, akaiinua juu ya kichwa.

"Salama salimini!" alipaza sauti.

Watu walimzunguka kuitazama. Mzee mmoja muuza mbao aliigusa ile pua, akauliza ni mbao gani nyepesi namna ile. Kaka zake Mgeni wakatazama chini. Fundi Mwinyimvua akajipenyeza katikati ya watu, kifua mbele, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Msufi! Kauchonga binti yangu. Nimechonga miaka yote hii, msufi haujawahi kunitii mimi. Yeye umemtii." Kisha akamgeukia Mgeni, sauti ikamlegea. "Mwanangu, nilikufukuza na mbao yako. Nisamehe. Leo ninajivuna mbele za watu wote hawa."

"Yameisha, baba," alisema Mgeni, akambusu mkono.

Ndipo honi ya lori ilipolia. Dereva alikuwa amechoka kungoja, akachungulia dirishani. "Mwalimu mkuu! Mahindi haya tushushe wapi?"

Watu wote wakamgeukia. Bwana Abdulazizi alisimama na tope lake miguuni, roketi mkononi. Aliwatazama wasichana wa klabu, akamtazama Mwalimu Zeyana, akashusha pumzi ndefu.

"Ofisini kwangu," alisema. "Palepale pa zamani."

Kisha akatoa ufunguo wa ghala mfukoni na kumkabidhi Mgeni, mbele ya baba yake, mbele ya kaka zake, mbele ya kila aliyemcheka. Mgeni akaufumba kiganjani, akatangulia na wenzake nyuma yake wakiimba. Mapezi yalisagika, pua ikapasuka, bomba likakunjika, jina likachekwa njiani, fundi hakuvunjika. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.